Mbegu Zinazongoja Mvua
(Fundisho juu ya tumaini)

I. NCHI YENYEWE

Katika Afrika ya Kusini, upande wa kaskazini-magharibi, iko nchi iitwayo Namaqualand. Ni nchi ya mawe na mchanga, inayokaribia kuwa jangwa. Watu wa Lubumbashi wamezoea mvua inayozidi milimita 1000 kwa mwaka. Huko, mahali pengi hapapati hata milimita 250. Tena mvua hiyo kidogo hunyesha wakati wa baridi, toka mwezi wa tano hata mwezi wa nane. Miezi mingine jua huchoma, na mgeni apitaye husema: «Hapa hapana kitu.» Lakini mvua ikinyesha vizuri, katika mwezi wa nane na wa tisa nchi hufunikwa na maua ya rangi ya machungwa, ya manjano, meupe na ya zambarau. Watu hutoka mbali kuyatazama.

II. HADITHI

Mwalimu mmoja wa katekismu aliondoka Springbok asubuhi pamoja na watoto wa shule. Walikwenda kilomita 70 hivi upande wa kusini mpaka Kamieskroon, kisha wakashika njia ya Skilpad. Maana ya jina hilo ni «kobe». Mama mmoja mzee alisafiri pamoja nao. Mwanawe alikuwa amekwenda kazini kwenye machimbo ya mbali, akaacha Misa, akaacha hata kumwandikia mama yake barua.

Walipofika, mawingu yalikuwa yamefunika jua, na maua yote yalikuwa yamefumba. Watoto wakanung'unika. Mama akasema polepole: «Mwalimu, ndivyo ilivyo sala yangu. Ninaomba miaka sita sasa, na yote yamefungwa.»

Mwalimu hakumjibu upesi. Alisema tu: «Mama, tukae kwanza, tule mkate.»

Karibu na saa tano jua likatoka. Ua moja likafumbuka, kisha jingine. Ilipofika saa sita bonde zima liling'aa kama moto, maua yote yakilielekea jua.

Ndipo mwalimu aliposema: «Zamani mahali hapa palilimwa ngano, kisha mashamba yakaachwa. Maua haya huota kwa wingi zaidi pale ambapo ardhi ilipasuliwa na jembe. Tazameni ua hili la rangi ya machungwa. Wataalamu huliita Dimorphotheca, kwa sababu huzaa mbegu za namna mbili. Nyingine ni bapa, zina mabawa, upepo huzichukua. Nyingine ni ngumu, hazina mabawa. Hizi hazichipuki zote kwa mvua ya kwanza. Ziko zinazongoja udongoni mwaka wa pili, wa tatu na kuendelea, ili ukame mmoja usiangamize kizazi chote.»

Mama akauliza: «Na hizo zilizofichwa udongoni, nani azijua?»

«Mimi sizioni, Mama. Mwenye shamba azijua.»

Mama hakusema neno tena. Jioni, njiani, alisali rozari pamoja na watoto, akalitaja jina la mwanawe. Siku ile hakuna barua iliyofika.

III. MAFUNDISHO

1. Ubatizo hutia rohoni alama isiyofutika. Mkristu aweza kwenda mbali na Mungu. Alama ile hubaki. Basi mzazi asiseme: «Mtoto wangu amepotea kabisa.» Mtakatifu Monika alimlilia mwanawe Agostino miaka mingi, katika mwaka 387, huko Milano, Agostino alibatizwa kwa mikono ya Mtakatifu Ambrozi.

2. Jembe hupasua ardhi. Kadhalika mateso huumiza moyo, wala tusiyaite mema. Lakini Mungu aweza kuotesha jambo jema mahali palipoumizwa.

3. Hakuna mtoto aliyefumbua ua kwa vidole. Angelifanya hivyo angelirarua. Ndivyo ilivyo kwa ndugu aliyeiacha imani: matusi na vitisho haviufungui moyo wake. Kazi yetu ni kusali, kumpenda, na kumwachia mlango wazi. Neema ndiyo jua.

4. Kungoja si uvivu. Mbegu ingojayo ingali hai. Mvua ifikapo, huchipuka. Mwenye tumaini naye hungoja akisali.

IV. MAULIZO

Sababu gani watoto walinung'unika asubuhi?
— Kwa sababu maua yalikuwa yamefumba, wakadhani safari yao ni bure.

Sababu gani mbegu nyingine hazichipuki kwa mvua ya kwanza?
— Ili ukame ukija, zisife zote pamoja.

Mwalimu alimwahidi mama kwamba mwanawe atarudi?
— Hapana. Alimfundisha kumtumaini Mungu, azionaye mbegu zilizofichwa.

V. SHAURI LA JUMA HILI

Kila mmoja akumbuke mtu mmoja wa jamaa yake aliyeacha kusali. Amwombee kila siku kwa jina lake. Na kabla ya Jumapili amwendee nyumbani kumwamkia au amwandikie barua, pasipo kumkaripia.