Umekisoma Kisu, Je, Umekinoa? Somo la Kutumia na Kutunza Kisu cha Kuchinjia na Ala Yake



Himidi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, Idd el-Adh-ha inakaribia na wengi wetu tutarudi nyumbani. Mwanafunzi wa dini akifika nyumbani siku ya Idd hupewa kisu. Wazee husema, "Wewe ndiye sheikh wetu sasa, chinja." Mimi nilipewa nikiwa mwaka wa pili, uani kwetu Buyenzi, Bujumbura.

Kisu chenyewe kilikuwa cha marehemu babu, ambaye alikuwa akikitumia kuwindia. Si cha kukunja. Mhunzi alikifua kwa chuma cha springi ya gari, akakitia mpini wa mti, na babu akakishonea ala ya ngozi. Tangu Idd iliyotangulia kilikuwa kimelala ndani ya ala hiyo juu ya kabati. Asubuhi ya Idd nilikichomoa, nikapangusa kutu kwa kitambaa, nikapitisha kidole gumba kwenye makali, nikajiambia kinakata.

Mbuzi alilazwa ubavu wa kushoto, akaelekezwa kibla. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikavuta. Kisu kikateleza juu ya manyoya. Nikakandamiza, ngozi ikachanika kidogo tu, mbuzi akalia na kurusha miguu, na watoto waliokuwa wakitazama wakaanza kulia naye. Baba mdogo akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Toa mkono." Akachukua kisu chake, akavuta mara moja, ikawa imekwisha.

Hakunigombeza. Jioni, tumeshakula, aliniuliza, "Huko chuoni mmesoma hadithi ya kunoa kisu?" Nikajibu, "Tumesoma, baba." Akasema, "Basi umeisoma. Bado hujaifanya."

Somo hili nimeliandika kwa sababu ya maneno hayo.

1. Dalili

Hadithi aliyoikusudia ni ya 17 katika Arubaini Nawawi, iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws (r.a.). Maana yake ni kwamba Allah amefaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, kisha Mtume (s.a.w.) akaamrisha kila mmoja wetu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Tazama amri inavyomwelekea mtu mmoja mmoja. Anayeshika kisu ndiye atakayeulizwa juu ya makali yake, hata kama kisu ni cha kuazima.

Imamu Muslim amepokea pia kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipoletewa kondoo dume wa kuchinja, alimwambia Bibi Aisha alete kisu, kisha akamwambia akinoe kwa jiwe. Baada ya hapo ndipo alipokichukua kisu na kumlaza kondoo. Utaratibu ni huo: kisu kwanza, jiwe la pili, mnyama mwisho. Na aliyenoa ni mwanamke. Dada zetu wasidhani somo hili si lao.

Imepokewa vilevile na Al-Hakim, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alimkemea mtu aliyemlaza kondoo kisha akawa ananoa kisu huku mnyama anamwona. Alimuuliza kama anataka kumuua zaidi ya mara moja.

2. Hukumu ya kisu butu

Wapo wanaodhani kisu butu ni upungufu wa adabu tu. Mafakihi wa madhehebu ya Kishafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, wameliangalia jambo hili kwa ukali zaidi. Wamesema aliyechinja kwa kisu butu nyama yake ni halali kwa masharti mawili. La kwanza, ukataji utokane na kisu chenyewe, usitegemee nguvu za mchinjaji. La pili, hulqumu, yaani njia ya pumzi, na marii, yaani njia ya chakula, zikatwe kabla mnyama hajafikia mtikisiko wa mwisho wa aliyekwisha kuchinjwa.

Soma sharti la kwanza mara mbili. Mtu anayekandamiza na kusaga kwa mabega yake huku kisu hakikati yuko kwenye hatari ya kuwalisha jamaa zake nyama yenye shaka. Kwetu, baba mdogo aliwahi mapema na mbuzi alikuwa na uhai wake kamili. Lakini asingekuwepo? Mimi ningeendelea kukandamiza, kwa kuona haya mbele za watu.

Kwa mwindaji ni hivyohivyo. Aliyemkuta windo lake bado lina uhai uliotulia analazimika kulichinja. Kisu cha kiunoni kikiwa butu, windo linaweza kumfia mkononi likawa mzoga.

3. Kisu kinachofaa

Chagua kisu kisichokunjwa. Cha kukunja kina maungio, na damu huingia humo pasipooshwa. Tena kinaweza kujifunga kikakata vidole vya mwenyewe. Chuma kipite ndani ya mpini wote au sehemu kubwa yake, na kisicheze. Makali yawe marefu kuliko upana wa shingo ya mnyama, ili mvuto mmoja au miwili itoshe. Yasiwe na pengo hata dogo, kwa sababu pengo hurarua nyama. Chuma cha springi hunoleka vizuri sana lakini hushika kutu upesi. Kile cha dukani kisichoshika kutu kwa urahisi hutunzika bila tabu kubwa, ila nacho hakijinoi.

4. Kunoa hatua kwa hatua

Noa siku moja au mbili kabla, mbali na banda la wanyama.

Tafuta kinoo chenye pande mbili, mkwaruzo na laini. Kiweke juu ya kitambaa kilicholowa ili kisiteleze, kisha kimwagie maji. Kama kinoo chako kimezoea mafuta, endelea na mafuta.

Laza kisu bapa juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake kidogo. Kipimo rahisi ni hiki: kisu chenye upana wa sentimita 3, mgongo uinuke sentimita 1 kutoka kwenye jiwe. Hapo umepata pembe ya nyuzi 20 hivi. Pembe ndogo zaidi hutoa makali yanayovunjika upesi. Kubwa zaidi hutoa makali mazito.

Sukuma makali mbele kana kwamba unataka kukata tabaka jembamba la jiwe, kutoka shinani hadi kwenye ncha. Usibadilishe pembe. Endelea upande huo huo mpaka uhisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Utauhisi ukipitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kukipitisha sambamba na makali. Uzi huo ukionekana urefu wote, geuza kisu ufanye upande wa pili. Kisha rudia kwenye jiwe laini kwa mkono mwepesi, ukibadilisha upande kila mvuto.

Uzi ule ukibaki, kisu kitaonekana kikali kwa dakika moja kisha kitalala. Uondoe kwa kukivuta kisu juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, mara kumi na tano au ishirini kila upande.

Jaribu kwa karatasi. Ishike juu kwa mkono mmoja, ukate kwenda chini. Ikikatika bila kukwama, kisu kiko tayari. Ikikwama mahali, pana pengo au hapajanolewa. Kidole gumba kilinidanganya mimi. Karatasi haina haya.

Kama makali yana mapengo makubwa, tupa ya fundi hutangulia, kisha jiwe. Mashine ya kusaga ya gereji iepuke. Cheche na joto lake huharibu ugumu wa chuma, na ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, sehemu hiyo haitashika makali tena.

5. Wakati wa kuchinja

Kisu kifichwe, kiwe ndani ya ala au nyuma ya mchinjaji, mpaka mnyama alazwe. Taja jina la Allah, vuta kwa urefu wa makali bila kuchoma kwa ncha, na usiinue mkono kabla ya kumaliza. Kata njia ya pumzi, njia ya chakula na mishipa miwili ya damu iliyo kando. Usifike uti wa mgongo. Kisha subiri. Kuchuna au kuvunja shingo kabla roho haijatoka ni kinyume cha kule kumpumzisha tulikoamrishwa.

Ukiwa na wanyama wengi, uwe na visu viwili. Manyoya yenye mchanga humaliza makali haraka.

6. Baada ya kazi

Osha kisu papo hapo kwa maji baridi. Maji ya moto huigandisha damu kwenye chuma. Kisha sabuni, suuza, na ukaushe kabisa, hasa pale mpini unapokutana na chuma. Usikiloweke kwenye beseni. Mpini wa mti hunyonya maji, huvimba, kisha hupasuka.

Hapa pana suala la twahara. Damu inayotiririka ni najisi. Wahanafi wanaona chuma laini kama kisu na upanga hutwaharika kwa kupanguswa vizuri. Kwa Washafii ni lazima maji. Basi usitosheke na kupangusa kwenye majani kisha ukakirudisha kiunoni na kwenda kuswali.

Kikishakauka, kipake mafuta kidogo sana. Mafuta ya nazi yanafaa kwa kisu kinachogusa chakula, na hayachachi upesi kama mafuta mengine mengi ya kupikia. Tone moja kwenye kitambaa latosha. Kioshe tena kabla ya kukitumia.

7. Ala

Kosa langu lilianzia kwenye ala, nami sikulijua. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya chuma; tena dawa zilizotumika kuitengeneza zinaweza kula chuma. Kisu kilichokaa mwaka mzima ndani ya ala ya ngozi hushika kutu hata kama kiliingia kikavu. Kanuni ni hii: ala ni ya safari, si ya kuhifadhia. Nyumbani, funga kisu kwa kitambaa kikavu chenye mafuta, uiweke ala kando, na vyote viwe mbali na watoto.

Kamwe usiingize kisu chenye damu ndani ya ala. Damu ikishaingia kwenye mshono ni vigumu kuitoa, na ala hiyo imenajisika. Anayeswali ameivaa anabeba najisi katika swala yake.

Ala ikichafuka, ifute kwa kitambaa chenye unyevu, uikaushe kivulini. Jua kali na moto huikakamaza na kuipasua. Kisha ipake nta ya nyuki kwa nje. Mafuta mengi huilainisha kupita kiasi ikashindwa kushika kisu. Ipime hivi: ukiwa mahali wazi, mbali na miguu ya watu, igeuze juu chini, kisu kisidondoke.

Unapoingiza kisu, egemeza mgongo wake ukutani mwa ala ili makali yasikate nyuzi. Unapochomoa, usiikumbatie ala kwa vidole upande wa makali, kwa sababu mshono uliochoka hufunguka bila kukuaga.

Na ngozi ya ala, je, ni twahara? Kwa Washafii, ngozi iliyodibaghiwa ni twahara hata kama ni ya mzoga, isipokuwa ya mbwa na nguruwe.

8. Kukabidhiana

Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza upanga kukabidhiwa mtu ukiwa wazi. Kisu kimo katika maana hiyo. Mpe mwenzako kikiwa ndani ya ala. Kama hakina ala, kiweke chini naye akiokote, au umpe mpini huku makali yakitazama pembeni.

Kwa kumalizia

Idd iliyofuata nilifika Buyenzi siku tatu kabla. Nilikaa ukumbini na kinoo na beseni la maji kuanzia alasiri hadi karibu na magharibi. Baba mdogo alipita, akachukua ukurasa wa gazeti la zamani, akaukata kwa kisu cha babu, akanirudishia kikiwa ndani ya ala. Hakusema neno. Siku ya Idd alimshika mbuzi yeye, nikachinja mimi.

Wenzangu, tutakaporudi nyumbani tusiende na dalili peke yake. Twende na jiwe.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini sharti la kwanza la Washafii linamhusu mtu anayekandamiza kisu?
2. Kisu chako au cha nyumbani kwenu kiko wapi sasa, ndani ya ala au nje yake?
3. Mara ya mwisho kilinolewa lini, na nani?

Wabillahi tawfiq.