Klima haili gesi: ikipungua, imevuja

Septemba, joto linapopanda Lubumbashi na mvua bado haijaja, magaraji hupokea malalamiko ya namna moja. Klima ilipuliza baridi vizuri mwezi wa nne, sasa inatoa hewa ya moto. Jibu ambalo wengi hupewa ni fupi: gesi imekwisha, tuongeze. Mwenye gari analipa, anafurahia wiki chache, halafu anarudi kulipa tena.

Gesi hiyo haiungui kama petroli. Kompresa huibana, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza hadi iwe kimiminika, kisha hupita kwenye valvu nyembamba na kuchemka ndani ya evapoleta, nyuma ya dashibodi, ambako hufyonza joto la ndani ya gari. Halafu inarudi kwenye kompresa. Gari dogo hubeba kama gramu 400 hadi 800 tu. Mipira hupitisha kiasi kidogo sana kwa miaka, lakini klima iliyokufa ndani ya msimu mmoja ina tundu.

Sababu moja iko kwenye kalenda yetu wenyewe. Juni na Julai ni miezi ya baridi, hakuna anayegusa klima. Mafuta yanayolainisha sili ya shafti ya kompresa husafirishwa na gesi inayozunguka. Mfumo ukilala muda wote huo, sili inakauka na kuanza kuvujisha. Washa klima dakika kumi kila wiki, hata kama umevaa koti.

Kabla ya kutafuta tundu, ondoa mashaka mengine. Hewa ikitoka kidogo tu, huenda filta ya ndani imezibwa na vumbi. Klima ikipoza ukiwa unakimbia barabara ya Likasi lakini ikapata joto kwenye foleni mjini, tazama feni ya kondensa kwanza.

Sasa chukua tochi. Gesi inapotoka hutoka na mafuta, na vumbi jekundu la Katanga hung'ang'ania pale penye mafuta. Kiungo chenye tope jeusi la grisi, wakati mabomba ya jirani yana vumbi kavu, ndicho mshukiwa wako. Chunguza viungo vya mabomba, shingo ya kompresa, na uso wa kondensa, ambao hupigwa na mawe yanayorushwa na malori ya madini.

Manometa, yaani kipimo cha presha, ina mtego wake. Injini ikiwa imepoa na joto la hewa likiwa nyuzi 25, gesi ya R-134a huonyesha karibu baa 5.7 pande zote mbili, wa presha ya juu na wa presha ya chini. Namba hiyo inathibitisha tu kwamba bado kuna gesi ya kimiminika ndani. Zikibaki gramu 200 au 600, sindano inasimama palepale.

Kipimo kizuri ni naitrojeni: gesi iliyobaki inyonywe kwa mashine, mfumo ujazwe naitrojeni kupitia regileta hadi karibu baa 10, kisha povu la sabuni lipakwe kwenye viungo. Fundi akikuletea chupa ya oksijeni ya kuchomelea, ondoa gari lako. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Kwa tundu dogo zaidi, hutiwa rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Evapoleta imejificha, hivyo tafuta rangi hiyo kwenye kibomba kinachodondosha maji chini ya gari.

Tundu likionekana kwenye kiungo, oringi yake, ile pete ya mpira, hubadilishwa, na mpya hupakwa mafuta ya kompresa kabla ya kufungwa. Kondensa iliyotoboka ni bora ibadilishwe: aluminiamu yake ni nyembamba na viraka vyake havidumu. Kuchomelea bomba lenye gesi ni marufuku kabisa, kwa sababu R-134a ikiguswa na moto hutoa hewa yenye sumu. Yale makopo ya dawa ya kuziba matundu mimi siyaamini. Huziba hata valvu. Filta ya kukausha unyevu ibadilishwe mfumo ukifunguliwa.

Ukarabati ukiisha, pampu inyonye hewa angalau nusu saa kabla ya kujaza gesi. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo manometa itasimama karibu na baa −0.88, wala haitafika −1. Pampu si mbovu. Funga valvu, subiri robo saa, uone kama sindano inapanda.

Gesi ipimwe kwa mizani. Kibandiko chini ya boneti hutaja aina na uzito wake. Hata kama kimeandikwa Kijapani, namba zinasomeka. Dai risiti iandike gramu zilizoingia. Halafu tazama vifuniko vidogo vya plastiki vya valvu za kujazia: kama havipo, vitafutwe kabla hujaondoka, maana vumbi likiingia humo valvu haifungi tena sawasawa.