Pesa za korosho zimeingia: tuanze na taa, jiko au luninga?

Katika vijiji vingi vya Kisarawe pesa kubwa huingia nyumbani mara moja kwa mwaka, korosho zinapouzwa. Mihogo, mananasi na mafenesi huleta ya chumvi na sabuni. Ya korosho ndiyo huezeka nyumba, hulipa ada na siku hizi hununua vifaa vya umeme. Ikitumika vibaya, nafasi nyingine ni mwakani. Kwa hiyo somo letu la toleo hili ni hili: kaya yenye pesa kidogo ichague vipi kifaa cha kuanza nacho?

Msimu uliopita nilikaribishwa nyumbani kwa rafiki yangu upande wa Maneromango. Nikawakuta wako kwenye mazungumzo hayo hayo. Baba alitaka luninga kubwa na sabufa. Kijana wa kidato cha tatu alitaka taa ya kusomea, maana tochi ilikuwa inamwishia betri kabla ya hesabu kwisha. Mama alisema, "Baba watoto, mimi nataka nitoke kwenye moshi." Bibi hakusema neno. Alikuwa anakohoa.

Sikutaka kuwa mwamuzi kati ya mtu na mkewe. Niliwaomba kitu kimoja tu, daftari.

Pimeni kwanza

Kwa wiki moja waliandika kila shilingi iliyotoka kwa ajili ya moto na mwanga: mkaa, mafuta ya taa, betri za tochi, kuchaji simu kibandani. Niliwaomba waandike pia saa za kuokota kuni. Hapo baba alicheka, akasema kuni ni za bure.

Wiki ilipokwisha hesabu ilisomeka hivi. Simu mbili, kila moja ikichajiwa mara nne kwa wiki kwa sh. 300, ni sh. 2,400. Betri za tochi sh. 1,000. Mkaa sh. 1,500 kwa siku katika siku nne ambazo kuni zilikosekana au zilikuwa mbichi, jumla sh. 6,000. Na zile kuni za bure zilichukua asubuhi tatu za mama na binti yake, saa tatu kila asubuhi. Ukizidisha kwa watu wawili ni saa 18 kwa wiki. Baba aliichukua ile daftari akaisoma tena peke yake.

Nyumba yako itakuwa na hesabu nyingine, lakini mkiiandika mtaona kifaa kipi kitaanza kurudisha gharama yake. Nimeona nyumba nyingi zikinunua kwanza kile ambacho mgeni atakiona akiingia sebuleni, huku pesa zikiendelea kuvujia jikoni.

Kama nguzo imefika

Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ndiyo iliyoanzisha Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ambao ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimefika sehemu nyingi ambako zamani tulisikia tu habari za umeme. Mwaka 2022, ada ya kuunganishiwa umeme mjini ilipopandishwa, ya vijijini ilibaki sh. 27,000. Anayeishi Kisarawe mjini au pembezoni mwa Dar es Salaam aulize TANESCO kwanza yuko kundi gani.

Gharama inayowashtua wengi siyo ada hiyo. Ni kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Mwenye vyumba viwili au vitatu aulizie kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho huja na soketi na swichi zake na kupunguza kazi ya nyaya. Kwa nyumba kubwa, tafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA na mwombe muione. Fundi wa bei nafuu asiyeweka waya wa ardhini, ule mafundi wanaouita ethi, anawaachia hatari ukutani.

Sasa tuje kwenye uniti. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa kundi la D1 hulipa sh. 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza kodi na tozo inakuwa kama sh. 122. Akivuka 75, kila uniti ya ziada ni sh. 350 kabla ya kodi. Ndiyo maana jirani yako analia kwamba LUKU inakwisha haraka na wewe huoni tatizo. Inawezekana yeye amevuka mstari huo.

Kujua kifaa kinakula kiasi gani si kazi ngumu. Tazama wati zilizoandikwa nyuma yake, zidisha kwa saa za kukitumia, kisha gawa kwa 1,000. Hizo ndizo uniti. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku itakula uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribia huo, haitafika hata uniti moja na nusu. Hapa hakuna cha kujadili, badilisheni balbu zote.

Niliwafanyia na ile luninga ya baba. Ya LED ya inchi 32, yenye kiasi cha wati 50, ikiwashwa saa tano kwa siku ni uniti 7 na nusu kwa mwezi. Si nyingi. Niseme haki, luninga haili umeme kama tunavyoihukumu. Tatizo lake ni bei ya kuinunua na kwamba haipunguzi matumizi yoyote yaliyomo kwenye daftari. Vinavyokula kweli ni vile vinavyotoa joto, kama pasi, hita ya maji na jiko la koili.

Basi je, jiko la umeme halifai? Hapa ndipo watu wengi, na mimi nikiwamo kwa muda mrefu, tumekosea. Jiko la koili hula umeme muda wote sufuria iko juu yake. Jiko la presha la umeme ni kitu kingine. Nalo huandikwa kiasi cha wati 1,000, ila limefunikwa pande zote kutunza joto, na presha ikishapanda linajizima na kujiwasha lenyewe. Chungu cha maharage ya familia hutumia karibu nusu uniti, mara nyingi pungufu. Kwa mwenye D1 ambaye hajavuka 75, hiyo ni kama sh. 60. Linganisha na mkaa wa kuchemshia maharage hayo hayo kwa saa mbili au tatu.

Halifai kwa kila kitu. Ugali hauwezi kuusonga vizuri humo, na chapati ndiyo kabisa. Umeme ukikatika limekuwa pambo. Kwa hiyo nyumba inayolinunua ibaki na jiko la pili, iwe gesi au jiko bora la mkaa, na kila moja lifanye kazi yake: makande, maharage, nyama ngumu na wali kwenye presha, chai, ugali na kukaanga kwenye gesi. Kuhusu gesi, REA imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku katika wilaya mbalimbali, lakini kumbukeni kwamba ruzuku ni ya siku ya kununua. Kujaza ni juu yenu, kwa hiyo ulizeni duka la kujazia liko umbali gani na nauli ni kiasi gani. Na jiko la wati 1,000 lisichomekwe kwenye ekstensheni yenye waya mwembamba.

Kama nguzo haijafika

Nitaanza na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwenye duka moja paneli ya sola na betri ya gari, nikaweka taa na redio. Nilijiona mjanja kwa sababu betri ya gari ilikuwa nafuu. Haikumaliza mwaka. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Ukiimaliza kila usiku, unaiua. Betri za sola za maji au jeli zinavumilia kutumika hadi kama nusu. Za lithiamu zinavumilia zaidi na hudumu miaka mingi zaidi, ingawa bei ni kubwa.

Hesabu ya sola ni kama ile ya LUKU, ila hapa duka la uniti ni jua. Paneli ya wati 20 ikipata jua zuri la saa nne hadi tano itakupa wati-saa 80 hadi 100 kwa siku. Taa tatu za LED za wati 5 zikiwaka saa tano ni 75, na simu mbili ni kama 20. Umemaliza. Anayekuuzia paneli hiyo na kukuahidi luninga anakudanganya.

Fungeni paneli mahali ambapo mwembe au mkorosho hautii kivuli hata mchana kidogo, maana kivuli cha tawi moja kinaweza kupunguza umeme mwingi. Kwa huku kwetu ielekee kaskazini, ikiwa imelala kidogo tu, kiasi cha nyuzi 10, ili mvua ioshe vumbi. Wakati wa masika msitegemee kupata kama Januari.

Wanaolipa kidogokidogo kwa simu wazidishe kabla ya kusaini. Sh. 800 kwa siku inaonekana ndogo, lakini kwa miaka mitatu ni sh. 876,000. Inaweza kuwa bei ya haki ikiwa kuna dhamana na fundi anayefika. Ulizeni fundi huyo anakaa wapi.

Jikoni mwa wasio na umeme wala gesi kazi bado ipo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kuni zikaushwe, jiko la udongo lijengwe na bomba la kutolea moshi, dirisha liongezwe. Maharage yalowekwe usiku kucha. Chungu kilichokwisha chemka kikiwekwa kwenye kapu lililojazwa matambara na kufunikwa vizuri huendelea kuiva bila moto.

Mkaa wenyewe sioni ukishuka bei. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iko jirani na jiji linalopika kwa mkaa, na katika tanuri la udongo kilo kumi za kuni hutoa kilo moja hadi mbili tu za mkaa. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia.

Wale rafiki zangu waliamua hivi: nyaya na balbu nne kwanza, kisha jiko la presha, na kinachobaki kiwekwe kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Baba alisema mpira ataendelea kuutazama kibandani. Kijana alipata taa yake siku ileile. Mama aliniambia baadaye kwamba wiki za kwanza alikaa mbele ya jiko akilisikiliza, hakuliamini.

Ya kujadili kikundini

Kabla ya kukutana, kila nyumba ijaze daftari la wiki moja, saa za kuni zikiwamo. Nani katika nyumba yako anapika, na nani anaamua kinachonunuliwa? Ni kifaa gani kimelala ndani kikiwa kimeharibika, na kwa nini hakikutengenezwa? Mkifika, leteni kifaa kimoja cha umeme kila mtu, msome wati zake na kupiga hesabu pamoja.