Maji ya limau: Kinywaji bora, lakini si dawa ya maji machafu

Jua la mwezi Februari likishika kasi, vinywaji vinavyokata kiu kama gilasi ya maji ya limau yaliyopozwa ni vichache. Ni kinywaji cha bei nafuu, hakihitaji mashine yoyote, na hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kukitayarisha akielekezwa vyema.

Hata hivyo, wakazi wengi wa mijini wamekisahau. Mgeni akibisha hodi, mtoto hutumwa dukani mbio kununua soda. Wengine hununua juisi ya rangi ya manjano inayouzwa kandokando ya barabara bila kujua maji yake yametekwa wapi.

Katika somo la leo, msomaji, utajifunza jinsi ya kutengeneza kinywaji hiki nyumbani kwako. Lakini kabla ya kushika kisu na limau, kuna jambo moja ambalo ni sharti tulitatue kwanza, kwa sababu huenda likaamua kama familia yako itaburudika au itaishia hospitalini.

Imani inayodanganya

Watu wengi huamini kwamba limau huua viini vyote. Utamsikia mtu akisema, "Maji haya si kitu, kamulia ndimu mbili tu, yatakuwa salama." Je, ni kweli?

Imani hii haikutoka hewani. Limau na ndimu zina asidi kali, na asidi hiyo hudhoofisha baadhi ya bakteria, vikiwemo viini vya kipindupindu. Kipindupindu kilipozuka nchini Guinea-Bissau katika miaka ya 1990, watafiti waligundua kuwa waliotia ndimu katika mchuzi wa kulia wali hawakuambukizwa sana kama wale ambao hawakuitia.

Lakini angalia vizuri. Utafiti huo ulihusu mchuzi. Haukusema kwamba mtu achote maji ya mtoni, akamulie ndimu, kisha anywe. Tena si kila kiini kinachotishwa na asidi. Virusi vinavyoleta homa ya ini aina ya A, kwa mfano, huhimili hata asidi ya tumbo la binadamu.

Kwa hivyo, maji machafu yaliyotiwa limau ni maji machafu yenye ladha nzuri. Hatari yake hata inazidi, kwa kuwa ladha hiyo humfanya mtu anywe gilasi ya pili na ya tatu.

Wakenya wanaujua uchungu wa jambo hili. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi, Nairobi ikiwemo, na ukaendelea mwaka wa 2023. Watu waliugua na wengine wakafa kwa ugonjwa ambao huingia kwa njia ya kinywa, kupitia maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi.

Maji kwanza

Somo letu basi linaanza na maji. Unaweza kuyasafisha kwa mojawapo ya njia hizi mbili.

Njia ya kwanza ni kuyachemsha. Usiyaepue pindi tu yanapoanza kutoa mvuke. Ngoja yatokote kabisa na kurusha mapovu makubwa, kisha uyaache yaendelee hivyo kwa dakika moja nzima. Ikiwa unaishi mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama vile Eldoret, Limuru au Nyahururu, yaache dakika tatu. Huko juu maji hutokota kabla hayajapata moto kama ule wa Mombasa. Yakiisha kutokota, yafunike na uyaache yapoe ndani ya chombo hicho hicho.

Njia ya pili ni kutumia dawa ya klorini inayouzwa madukani. Fuata maagizo yaliyoandikwa kwenye chupa kuhusu kipimo, kisha ungoje nusu saa kabla ya kuyatumia maji hayo. Ikiwa maji yana tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwani klorini haifanyi kazi vyema katika maji yenye tope.

Hapa kuna kosa ambalo wengi hulifanya bila kujua. Mtu hutia dawa ya klorini na maji ya limau kwa pamoja, au hutengeneza kinywaji kwanza halafu akatia dawa mwishoni. Usifanye hivyo kamwe. Vitamini C iliyo katika limau huivunja nguvu klorini, na viini hubaki salama salimini. Tia dawa katika maji matupu, ungoje ile nusu saa, ndipo ulete limau.

Na barafu je? Baridi haiui viini bali huvilaza tu. Barafu iliyotengenezwa kwa maji ya mfereji yasiyochemshwa itaharibu kazi yako yote. Tumia maji yale yale yaliyosafishwa kutengeneza barafu, ama uweke jagi ndani ya friji.

Vyombo vinavyofaa

Asidi ya limau hula madini. Kwa sababu hiyo usiuweke mchanganyiko wako katika sufuria ya alumini, chombo cha shaba au ndoo ya bati. Ndoo ya bati imepakwa zinki, na zinki ikiyeyuka ndani ya kinywaji inaweza kuwatapisha wanywaji wote.

Tumia jagi la gilasi, la plastiki inayofaa kwa chakula, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Utahitaji pia kisu, ubao wa kukatia, chujio na mwiko. Vyote vioshwe kwa sabuni, na kama ubao huo ndio uliokatia nyama mbichi asubuhi, tafuta mwingine.

Namna ya kutayarisha

Kipimo hiki kitatosha gilasi sita. Utahitaji malimau manne makubwa kiasi, lita moja na robo ya maji yaliyosafishwa, na vijiko vitano vya mezani vya sukari. Ukikosa malimau, ndimu pia zafaa, ila uongeze idadi kwa kuwa ni ndogo. Iwe umeyanunua Marikiti, Kongowea au kwa mama mboga wa mtaani, chagua yenye ganda laini na yaliyo mazito mkononi. Hayo ndiyo yenye maji mengi.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Kisha osha malimau kwa maji safi huku ukiyasugua, hata kama hutatumia maganda. Kisu kikipita kwenye ganda chafu hubeba uchafu huo hadi ndani.

Pili, yeyusha sukari katika kikombe kimoja cha maji ya moto kutoka katika yale uliyoyapima. Sukari iliyoyeyuka hivi huenea vyema, na hutakuwa na haja ya kuongeza nyingine kwa sababu ya ile iliyobaki chini ya jagi. Acha mchanganyiko huo upoe.

Tatu, viringisha kila limau juu ya meza huku ukilikandamiza kwa kiganja ili lilegee. Likate katikati na ulikamue juu ya chujio ili kokwa zisipite. Usikamue kupita kiasi, kwani ule utando mweupe wa ndani ni mchungu. Na ikiwa una mashine ya kusagia matunda, usilisage limau zima na kokwa zake.

Nne, changanya maji ya limau, maji ya sukari yaliyopoa na maji yaliyobaki. Koroga na uonje. Usichemshe maji ya limau, kwa sababu moto hupunguza vitamini C.

Ukipenda, tia kipande cha tangawizi iliyopondwa au majani machache ya mnanaa yaliyooshwa vizuri. Funika jagi na uliweke ndani ya friji. Ni vyema kinywaji hiki kinywewe siku hiyo hiyo, na kisizidi siku mbili. Kama huna friji, tengeneza kinachotosha kwa wakati huo tu.

Sukari isizidi

Vijiko vile vitano vya mezani ni takriban gramu 62 za sukari. Ukizigawa kwa gilasi sita, kila mnywaji atapata kama gramu 10, yaani vijiko viwili na nusu vya chai. Soda ya kawaida ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi.

Mnamo 2015, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu mwili unazopata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi isizidi asilimia tano. Hiyo asilimia tano ni kama gramu 25 kwa mtu mzima. Ni wazi basi kwamba soda moja inaweza kumaliza kipimo cha siku nzima na kupita.

Kwa hivyo, maji ya limau yatakuwa bora kuliko soda ikiwa tu utauzuia mkono wako. Ukitia sukari hadi uchachu wote upotee, utakuwa umetengeneza soda yako mwenyewe isiyo na gesi. Punguza nusu kijiko kila wiki na utashangaa jinsi ulimi unavyozoea. Mwenye ugonjwa wa kisukari na anywe bila sukari. Asali nayo isimdanganye, kwa kuwa pia ni sukari.

Faida zake ni zipi?

Limau lilijipatia sifa zamani. Mwaka wa 1747, daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwajaribia mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ugonjwa wa kuvuja damu kwenye fizi. Wawili waliopewa machungwa na limau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wengine. Baadaye ilijulikana kuwa kilichowaponya ni vitamini C.

Lakini tusitie chumvi. Gilasi moja ya kinywaji chetu ina kama miligramu 10 tu za vitamini C, na mtu mzima huhitaji walau miligramu 45 kwa siku. Chungwa moja au pera moja litakupa zaidi. Usiache kula matunda kwa sababu umekunywa maji ya limau.

Faida kubwa iko mahali ambapo wengi hawapatazamii, yaani mezani wakati wa chakula. Vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu na mboga za majani. Chai nayo huzuia kazi hiyo. Kwa mama mjamzito au msichana aliyeambiwa damu yake imepungua, kuondoa kikombe cha chai mezani na kuweka gilasi ya maji ya limau ni badiliko dogo lenye maana. Lakini asiache tembe za chuma alizopewa kliniki.

Wanaopaswa kujihadhari

Wenye vidonda vya tumbo au kiungulia huenda wakazidiwa na uchachu. Wapunguze au waache kabisa.

Asidi pia hula meno. Kunywa kwa wakati mmoja badala ya kuonjaonja mchana kutwa, kisha usukutue kwa maji. Usipige mswaki papo hapo. Ngoja muda wa saa moja hivi.

Ukisha kukamua ndimu, nawa mikono kabla ya kutoka juani. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua kali yanaweza kuleta malengelenge na mabaka meusi.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji kinywaji chochote ila maziwa ya mama. Na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata kidogo, kwani inaweza kuwa na viini vinavyoleta ugonjwa hatari wa kulegea misuli.

Mtoto akiharisha

Wazazi wengine humpa mtoto anayeharisha maji ya limau yenye sukari nyingi wakidhani wanamtibu. Sukari nyingi inaweza kuzidisha kuharisha, na kinywaji hiki hakina chumvi ambayo mwili umepoteza.

Mpe ORS inayopatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe juu, kisha ukoroge. Mpe kidogo kidogo, na usisitishe kunyonyesha. Akiwa mlegevu, macho yamedidimia, hawezi kunywa, ana damu kwenye kinyesi, au anaharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, usingoje kuche. Mkimbize hospitalini huku ukiendelea kumnywesha.

Jipime

Kabla ya kuliweka gazeti hili chini, jiulize maswali haya. Maji ninayotumia yametokota kwa dakika ngapi? Klorini hutiwa kabla au baada ya limau? Barafu yangu imetoka wapi? Nimeweka vijiko vingapi vya sukari?

Ukiweza kuyajibu yote bila kurudi nyuma, basi chukua jagi lako. Na mgeni akibisha hodi Jumapili hii, mwache mtoto akae. Hakuna haja ya kumtuma dukani.