Kuimudu Kazi

Neno “kujiamini” limekuwa kubwa siku hizi. Kijana aombaye kazi huambiwa ajiamini, na mfanyabiashara vivyo hivyo. Hata fundi aliyeshika mwiko juzi hututangazia kwamba hakuna nyumba itakayomshinda. Lakini, ndugu wasomaji, kujiamini ni kitu kimoja na kuimudu kazi ni kitu kingine. Atakaye kuona tofauti hiyo kwa macho yake na avuke kwenda Kilwa Kisiwani, katika mkoa wa Lindi, akautazame Msikiti Mkuu.

Sehemu yake ya kwanza ni ndogo. Katika karne ya 14, zamani za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, msikiti ulipanuliwa sana upande wa kusini. Nguzo za sehemu hiyo mpya zilichongwa kila moja katika jiwe moja la matumbawe. Bila shaka zilipendeza. Hata hivyo jengo lile likaanguka, na habari za kale za Kilwa zalisimulia anguko hilo bila kuficha.

Waliolijenga upya katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, chini ya Sultani Sulaiman ibn Muhammad, walikuwa na njia nyepesi ya kukwepa aibu. Wangaliweza kurudia dari ya boriti za mikoko, ambayo kila mwashi wa pwani aliijua. Boriti ina kipimo chake: chumba hakizidi sana mita 2 na nusu kwa upana, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Hawakufanya hivyo, wala hawakurudia nguzo za jiwe moja. Walisimamisha nguzo nene za vipande vya mawe vilivyoshikwa kwa chokaa, wakapiga matao juu yake, kisha wakaezeka kwa kuba na mapaa ya mviringo. Sehemu kubwa ya kazi yao yaonekana hata leo.

Walipata wapi ushupavu huo baada ya anguko? Waliupata katika kulijua jiwe. Walijua kwamba jiwe gumu la nchi kavu lafaa kwa ukuta, na kwamba tumbawe lililotolewa baharini likiwa bado na maji huchongeka kama mti, kisha hugeuka gumu likipigwa na hewa; basi mapambo na kingo za milango vilichongwa upesi kabla ya wakati kupita. Chokaa nayo ilichomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, juu ya rundo la kuni, ikazimwa kwa maji, ikaachwa itulie. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nadhani hawakuwa wakisema na waashi, kwa maana asiyechagua jiwe wa Kilwa hatamsahau.

Jambo hili si la kale tu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatajwa kuwa hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa katika hatari hiyo baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Saruji, tunayoisifu kwa haraka yake, ni adui wa kuta kama hizo: hufungia unyevu ndani, na chumvi ya bahari hulila jiwe polepole nyuma ya lipu iliyo nzuri kwa nje. Kwa hiyo imebidi kuirudia chokaa, na anayeijua chokaa ni mtu wa kutafutwa, ingawa wazazi wengi wangali wanaona haya kusema kwamba mtoto wao anajifunza uashi.

Na wewe mzazi uliyekusudia kumpeleka mwanao kwa fundi, usimwulize fundi huyo amejenga nyumba ngapi. Mwulize ni ukuta gani wake uliowahi kupasuka, na kwa nini, na safari ya pili aliujengaje. Akikujibu kwamba haujapasuka hata mmoja, mshukuru, umchukue mwanao, mwende kwa fundi mwingine.