Upo Linux, Umeitwa Kwenye Kikao cha Video: Utumie Programu Gani?

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai prosesa ya miaka ya karibuni na kitu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta mpakato ya mtumba, ile uliyojibana ukainunua kwa bumu la mwaka wa kwanza, mara nyingi haina vitu hivyo. Ndiyo maana siku hizi wanaogonga mlango wangu hosteli wakitaka niwawekee Ubuntu au Linux Mint wamekuwa wengi. Tunaweka, mashine inapata nguvu, mtu anaondoka anacheka. Wiki haiishi, amerudi: "Kaka, sasa supavaiza anataka tuonane kwa video Jumatatu. Zoom itakubali humu? Na Teams je?"

Swali hilo si dogo. Siku hizi mtu anatetea andiko la utafiti kwa video, anafanya usaili wa kazi kwa video, na aliyeko field Songea anaripoti kwa msimamizi wake kwa video. Ikigoma, unayepoteza ni wewe, na jopo halina muda wa kusikia habari za mfumo endeshi. Basi jibu ninalowapa wenzangu kwa mdomo, leo naliandika.

Jibu lenyewe kwa kifupi: ukialikwa, ingia kwa kivinjari kwanza, programu ya kusakinisha iwe akiba. Ukiita kikao wewe, chagua chombo ambacho mwenzenu mwenye kifaa duni na bando dogo kuliko wote anaweza kuingia. Mengine yote ni maelezo ya mambo hayo mawili.

Kwa nini kivinjari kwanza

Wengi wanadhani simu ya video lazima iwe na programu yake. Zamani ilikuwa hivyo. Skype ilianza mwaka 2003, Microsoft wakainunua mwaka 2011, na kwa miaka mingi ilikuwa na toleo la Linux. Mei 5, 2025 ikafungwa kabisa. Teams nayo ililetewa programu ya Linux mwishoni mwa 2019, na mwishoni mwa 2022 Microsoft wakaiondoa na kuwaambia watu wa Linux watumie kivinjari.

Funzo lipo hapo. Programu ya kampuni kwa ajili ya Linux inaweza kuondoka wakati wowote, maana sisi ni soko dogo. Kivinjari hakiondoki. Ndani ya Firefox, Chrome na Chromium kuna teknolojia iitwayo WebRTC, ambayo Google waliifanya huria mwaka 2011 na W3C, wale wanaosimamia kanuni za wavuti, wakaipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2021. Kazi yake ni kukiruhusu kivinjari kuchukua picha ya kamera na sauti ya maiki na kuvipeleka kwa mwenzako moja kwa moja au kupitia seva. Haijali kama upo Windows, Linux au simu ya mkononi.

Faida nyingine: hujaza diski kwa programu utakayoitumia mara moja, na kikao kikiisha unafunga ukurasa, mambo yameisha.

Programu moja moja

Google Meet. Hii haina cha kusakinisha kwenye Linux, ni kivinjari tu. Akaunti ya bure inawapa watu 3 au zaidi dakika 60. Wawili mnaweza kukaa hata siku nzima.

Teams. Ukibonyeza kiungo, itajaribu kukupeleka kwenye programu. Wewe chagua kuendelea kwenye kivinjari. Kwa uzoefu wangu inatulia zaidi kwenye Chrome au Edge. Ndiyo, Edge ipo ya Linux.

Zoom. Hawa bado wanatoa programu ya Linux, faili la .deb kwa Ubuntu na Mint, na .rpm kwa Fedora. Lipakue kwenye tovuti yao wenyewe, si kwa mtu mwenye flashi. Pia kuna njia ya kivinjari, ila wameiweka kama maandishi madogo chini ya ukurasa, na mara nyingine haionekani mpaka ukatae kufungua programu. Akaunti ya bure inakata kikao baada ya dakika 40. Hii ndiyo pekee ambayo nashauri uwe nayo kama akiba, maana inaitwa mara nyingi na vitufe vyake vyote vimo kwenye programu.

Jitsi Meet. Hii ni programu huria. Ilianzia Chuo Kikuu cha Strasbourg, Ufaransa, mwaka 2003, kwa jina lingine, kama kazi ya mwanafunzi aitwaye Emil Ivov. Unafungua ukurasa, unaandika jina la chumba, unawatumia wenzako kiungo. Tangu Agosti 2023, anayefungua chumba kwenye seva yao ya wazi, meet.jit.si, lazima aingie kwa akaunti, mfano ya Google. Wanaofuata wanaingia bila akaunti yoyote. Haikati kwa dakika 40.

BigBlueButton. Huria pia, ilianzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mwaka 2007, na imetengenezwa kwa ajili ya kufundisha: ina ubao wa kuchora, kura, na vyumba vya makundi. Inaunganishwa na Moodle. Mwanafunzi anaingia kwa kivinjari tu, lakini seva lazima iwekwe na chuo.

Signal. Inafaa kwa mazungumzo ya watu wachache wanaojali siri. Programu ya Linux ipo rasmi kwa familia ya Debian, yaani Ubuntu na Mint zimo, ila lazima kwanza uwe nayo kwenye simu ndipo uunganishe kompyuta.

Na WhatsApp? Hawana programu rasmi ya Linux. Kama unataka kumwona mama nyumbani, chukua simu yako umpigie. Si kila kitu kipite kwenye kompyuta.

Skrini nyeusi

Tatizo linalowaliza wengi si sauti wala picha, ni kuonyesha skrini. Mwaka jana nilikaa pembeni ya dada mmoja wa darasani kwetu akitetea andiko lake. Sauti safi, picha safi. Akabonyeza kuonyesha slaidi, mwenyekiti wa jopo akasema, "Ndugu mtahiniwa, sisi huku tunaona giza." Yeye kwake aliona slaidi zake vizuri kabisa.

Chanzo chake ni hiki. Linux ina njia mbili za kuchora skrini. Ya zamani, X11, inaruhusu programu yoyote kutazama skrini nzima. Ni rahisi, lakini si salama, kwa sababu hata programu mbaya inakuchungulia. Ya sasa, Wayland, imekataza hilo. Programu lazima iombe ruhusa, wewe ukubali, kisha picha ipitishwe na kitu kiitwacho PipeWire. Programu isiyojua kuomba inaambulia giza.

Tiba ni tatu. Kwanza, tumia kivinjari kilichosasishwa, maana Firefox na Chrome za sasa zinajua kuomba. Pili, kidirisha cha ruhusa kikitokea, soma na uchague dirisha au skrini kabla ya kukubali. Wengi hukifunga wakidhani ni tangazo. Tatu, kwenye Ubuntu 22.04 na 24.04 unaweza kutoka, na kwenye ukurasa wa kuandika paswedi ukabonyeza alama ya gia pembeni na kuchagua Xorg badala ya Wayland. Tulifanya hivyo kwa yule dada. Baada ya dakika 3 jopo liliona slaidi. Kwenye Linux Mint ya Cinnamon huenda usikutane na tatizo hili, kwa sababu kawaida yake bado ni X11.

Jambo jingine dogo: kamera ikishikwa na programu moja, nyingine mara nyingi haiipati. Ukiambiwa kamera haipo na unajua ipo, funga Zoom iliyobaki wazi nyuma ndipo ufungue Meet.

Hesabu ya bando

Twende kwenye hela. Zoom wenyewe wanaeleza kuwa video nzuri ya watu wawili inahitaji kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi. Jumla 1,200, ambayo ukigawa kwa 8 ni kilobaiti 150 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600, unapata MB 540 kwa saa. Sauti peke yake wanasema ni kilobiti 60 hadi 80. Ukichukua 80 kwenda na 80 kurudi, unapata MB 72 kwa saa.

Maana yake GB 1 haifikishi saa 2 za video, lakini kwa sauti inakaribia saa 14. Kwa hiyo kwenye kikao cha kundi la asaimenti, salimianeni kwa video dakika moja, kisha zimeni kamera. Kwenye Jitsi kuna mpangilio wa ubora, ukiuvuta hadi chini kabisa unaacha kupokea video za wenzako. Kuzima kamera yako tu hakutoshi, kwa sababu bado unapokea sura za watu wengine.

Ukiita wewe

Hapa ndipo wengi tunasahau. Anayeita kikao ndiye anayewachagulia wenzake programu, mashine na gharama. Ukiita kundi la watu 6 kwenye programu inayotaka kusakinishwa, yule mwenye simu iliyojaa atabaki nje, na kazi itakuja na majina 5. Kabla hujatuma kiungo jiulize: anaingia bila akaunti? Anaingia kwa kivinjari? Anaweza kusikiliza tu bila video? Kwa makundi yetu ya masomo, Jitsi au Meet vinapita mtihani huo.

Kabla ya siku yenyewe

Siku moja kabla, tenga dakika 10. Fungua kikao chako mwenyewe kwenye kompyuta, kisha ingia kikao hicho hicho kwa simu, ukiwa umevaa hedifoni ili sauti isijirudie. Angalia mambo manne kwenye simu: unajiona, unajisikia, skrini uliyoonyesha inaonekana, na slaidi zinabadilika unapobonyeza. Zoom wana ukurasa wa majaribio, zoom.us/test. Kisha tuma slaidi zako kwa barua pepe kwa katibu wa jopo, na kiungo cha kikao kiwe kwenye simu pia. Umeme ukikatika, unahamia kwenye simu na kusema, "Naomba mfungue ukurasa wa 4," kazi inaendelea.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo ina la kufanya. Vikao vya darasani vinapopangwa, tuombe kiungo kinachofunguka kwa kivinjari kiwe sharti. Na chuo kinachoendesha Moodle kiombwe kukaa na kitengo chake cha TEHAMA kuangalia gharama ya kuweka BigBlueButton. Mwanafunzi asikose kipindi kwa sababu ya mfumo endeshi aliouchagua, hasa pale alipouchagua kwa kuwa mwingine kompyuta yake haiuwezi.

Mwenye mashine iliyogoma, chumba changu wenyeji wanakijua. Njoo na chaja.