Kipimo cha Moyo kwa Dawa: Mwandae Mgonjwa Wako



Likizo iliyopita, nyumbani Tororo, Mama alikataa kwenda Kampala kupimwa moyo. Jirani alimwambia, "Watakuchoma dawa ya kuusimamisha moyo." Mimi ndiye msomi wa nyumba, na sikuwa na jibu. Nikamwuliza daktari. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwa nini dawa? Mshipa wa moyo ulioziba kiasi unaweza kujificha mtu akiwa amepumzika. Kwa hiyo moyo hupimwa ukiwa kazini. Mwenye nguvu hutembezwa kwenye mashine. Mama ana magoti mabovu. Kwake hutumika dobutamini, dawa inayoupeleka moyo mbio kana kwamba anaupanda mwamba wetu wa Tororo, ilhali amelala kitandani.

Kabla ya kipimo. Mgonjwa hukaa saa chache bila kula. Dawa zinazopunguza mapigo, kama atenololo, asiziache mwenyewe. Daktari ndiye aamue. Kifua hufunuliwa, kwa hiyo dada zetu waombe mapema mhudumu wa kike na shuka la kujisitiri.

Wakati wa kipimo. Hubandikwa waya kifuani, hufungwa mashine ya presha, na dawa huingia kwa mshipa wa mkono. Kiasi huongezwa kila baada ya dakika 3, huku moyo ukipigwa picha kwa mawimbi ya sauti. Lengo la kawaida ni asilimia 85 ya 220 ukitoa umri: mwenye miaka 60 hufikishwa mapigo 136 kwa dakika. Moyo utadunda kwa nguvu. Huenda akatetemeka kidogo au kuhisi joto. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, aseme papo hapo. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo; ndiyo maana wahudumu hawambanduki.

Baada yake. Dawa ikifungwa, nguvu yake huisha ndani ya dakika chache, naye huangaliwa mpaka mapigo yatulie.

Nilimweleza Mama hivyo hivyo. Akaenda. Alipotoka alisema, "Nimepanda mwamba, nimeshuka." Majibu yalionyesha sehemu ya moyo isiyopata damu ya kutosha, sasa anatibiwa, alhamdulillah.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba. Anayeogopa tumwelimishe, tusimcheke. Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.